MWONGOZO: Jinsi ya kumpiga picha bi harusi mwenye kovu au alama usoni

WAPIGAPICHA wengi wa harusi humu nchini wamejifunza kazi yao kwa uso wa aina moja: uso laini, usio na doa, ambao pande zake mbili zinalingana. Mwanga wanaoupanga, pembe wanazozichagua, hata maneno wanayotumia kumchekesha bi harusi, yote yamekusudiwa uso huo. Anapotokea bi harusi mwenye kovu la moto shavuni, au aliyezaliwa na mdomo uliopasuka ukashonwa utotoni, au mwenye mabaka meupe ya mbalanga, au ambaye upande mmoja wa uso wake umepooza, mpigapicha hushikwa na kigugumizi. Aghalabu huishia kufanya uamuzi peke yake, pasi na kumwuliza mwenye uso. Humpiga kwa upande mmoja siku nzima, kisha yaliyobaki huyafuta kwa kompyuta.

Wiki chache baadaye bi harusi hupokea albamu, akaifungua, akamkuta mwanamke mwingine amevaa gauni lake.

Kosa hilo hufanywa kwa nia njema, na ndiyo sababu linarudiwa kila msimu wa harusi. Mpigapicha hudhani amemsitiri mteja wake. Ukweli ni kwamba amemwambia, bila kufungua kinywa, kuwa uso alioolewa nao haukufaa kuhifadhiwa. Wapo mabibi harusi wanaotaka kovu lifichwe, na wapo ambao wangekasirika likifichwa. Hakuna awezaye kujua ni yupi kati yao aliye mbele yake mpaka amwulize. Makala haya yanaeleza namna ya kuuliza, na namna ya kuitumia kamera baada ya kujibiwa.

SI WATU WACHACHE

Mpigapicha anayefanya kazi kila Jumamosi hatakosa kukutana na mteja wa namna hii. Ulimwenguni, takriban mtoto mmoja kati ya kila 700 huzaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Mbalanga, ambao madaktari huuita vitiligo, hukadiriwa kuwapata kati ya watu watano na 20 katika kila 1,000. Keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, huonekana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Ongeza hapo waliozaliwa na baka usoni, waliopoteza jicho, walioshambuliwa kwa tindikali au kisu, na wale ambao neva ya uso imepooza ghafla. Hali hii ya mwisho yaweza kumpata yeyote, na wengi hupona baada ya miezi kadhaa, ila kwa baadhi huacha tabasamu likivutwa upande mmoja.

Halafu kuna moto. Majiko ya mafuta ya taa, vibatari na sufuria za uji huwaunguza watoto katika nyumba zetu kila mwaka. Isitoshe, taifa hili limepitia mikasa ambayo manusura wake wangali wanaishi nasi. Januari 31, 2009, lori la mafuta lililokuwa limepinduka Sachangwan, karibu na Molo, lilishika moto watu wakiwa wamelizingira wakichota petroli. Septemba 12, 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yalilipuka katika mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi. Katika kila mkasa watu zaidi ya 100 walifariki, na wengine wengi wakabaki na makovu. Waliokuwa watoto wakati huo sasa wamefikia umri wa kuoa na kuolewa.

Ndivyo ilivyo pia kwa waliozaliwa na mdomo uliopasuka. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka wa 1999, limekuwa likigharimia upasuaji wa kuushona mdomo huo katika hospitali mbalimbali humu nchini, na kwa hivyo watoto wengi ambao zamani wangekua bila matibabu walishonwa wakiwa wachanga. Baadhi ya watoto hao ndio wanaokodi mahema na kutafuta wapigapicha leo.

KUULIZA, TENA MAPEMA

Mazungumzo yafanywe siku ya kutia sahihi mkataba au muda mfupi baadaye, wala si asubuhi ya harusi, bi harusi akiwa kitini kwa mrembeshaji na wapambe wanne wakisikiliza. Yafanywe na bi harusi mwenyewe. Shangazi atakayempigia mpigapicha simu na kumnong'oneza kwamba “msichana wetu ana kitu kidogo usoni, wewe utajua la kufanya” asikilizwe kwa heshima na ashukuriwe, lakini asifuatwe. Vivyo hivyo bwana harusi, hata kama ndiye anayelipa.

Njia iliyo rahisi ni kuwauliza wateja wote maswali yale yale. Je, kuna upande wa uso unaopenda zaidi kupigwa? Kuna picha yako ya zamani unayoipenda, na nyingine usiyotaka kuiona? Kuna jambo lolote kuhusu uso au mwili wako ambalo ingefaa nilijue kabla ya siku hiyo? Na nikihariri picha, niguse nini, nisiguse nini? Mwenye chunusi atajibu, mwenye pengo la meno atajibu, na mwenye kovu atajibu bila kuhisi kwamba ameitwa kando. Atakayejibu kwa mkato kuwa hana neno, aaminiwe. Hakuna sababu ya kumchokonoa.

Yapo yasiyoulizwa. Lisiulizwe lilivyotokea. Huenda lilitokana na mkono wa mtu, na huenda mtu huyo ni wa jamaa na atakuwepo harusini. Asipewe pole kwa jambo lililotokea miaka 20 iliyopita. Asiambiwe “wala halionekani”, kwa kuwa linaonekana, naye analijua kuliko yeyote. Ile methali ya kizuri hakikosi ila, ambayo jamaa hupenda kuitoa katika hafla kama hizi wakidhani wanafariji, nayo iachwe nyumbani. Humsifu mtu kwa uzuri, na papo hapo ikamwonyesha kidole palipo na ila.

Majina nayo yana uzito. “Mdomo sungura” na “zeruzeru” ni maneno yanayosikika mitaani kila siku, na yote mawili hudhalilisha. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha, ingawa si kila mwenye kovu hujihesabu kuwa na ulemavu, wala mpigapicha hana mamlaka ya kumhesabia. Iliyo salama ni kutumia neno analolitumia mwenyewe. Akisema kovu, ni kovu. Akisema alama, ni alama. Asipolitaja kabisa, sema “shavu la kushoto” uendelee na kazi.

Baada ya hapo panahitajika saa moja ya picha za majaribio, majuma machache kabla ya harusi, mahali atakapochagua bi harusi. Bustani ya Arboretum jijini Nairobi hupendwa na wengi, lakini siku za Jumamosi hujaa watu, na si kila mtu anapenda kukodolewa macho na wapita njia. Picha hizo azione zikiwa hazijahaririwa, kwenye skrini kubwa, na achague tano azipendazo. Mpigapicha azichunguze tano hizo: mwanga umetoka wapi, kichwa kimeelekea upande gani, mdomo umefungwa au umefunguka. Atajua mengi ambayo bi harusi mwenyewe asingeweza kuyaeleza kwa maneno.

MWANGA

Hapa ndipo unapohitajika ujuzi kuliko wema. Kovu lililoinuka au lililobonyea huonekana pichani kwa sababu ya kivuli chake. Mwanga mkali unaotoka kando, mathalan jua la saa mbili asubuhi likipenya dirishani, hutambaa juu ya ngozi na kukipa kila kituta kivuli. Mwanga mpana na laini unaotoka mbele, karibu na ilipo kamera, hujaza mabonde hayo yakapungua. Kwa hiyo mpigapicha ana uwezo wa kulififisha kovu au kulikoleza bila kugusa kompyuta, na autumie uwezo huo kulingana na alivyoambiwa. Bi harusi aliyesema hataki kovu liwe jambo la kwanza kuonekana asimamishwe akilitazama dirisha kubwa lenye pazia jeupe, au kwenye kivuli cha veranda akielekea uwanja ulio wazi. Picha hiyo itakuwa na kovu lake, lakini jicho la mtazamaji litaanzia machoni mwake.

Ngozi iliyopandikizwa, na mara nyingi ngozi ya kovu la moto, huwa nyororo na hung'aa. Flashi iliyofungwa juu ya kamera na kuelekezwa usoni moja kwa moja huifanya imeremete kama bati lililonyeshewa. Flashi igeuzwe ielekee dari au ukuta mweupe. Chini ya hema jambo hilo huwa gumu, kwani mahema yetu ya harusi ni mekundu, samawati na zambarau, na mwanga ukigonga kitambaa hurudi ukiwa na rangi yake. Chini ya hema la zambarau hata mtu asiye na kovu huonekana mgonjwa. Kamati ya harusi huagiza mahema mapema, na hakuna gharama kuwaomba wanakamati kwamba lile la maharusi liwe jeupe.

Gauni nalo huidanganya kamera. Ikiona weupe mwingi, kamera hupunguza mwanga, na uso mweusi ukatoka gizani. Mpigapicha akija kuuinua uso huo kwenye kompyuta, ngozi hujaa chembechembe na kovu huwa na mabakamabaka ambayo halikuwa nayo. Mwanga upimwe usoni, gauni lije nyuma.

Mbalanga una ugumu wa kipekee, kwa sababu uso mmoja una ngozi mbili, moja nyeusi na nyingine karibu nyeupe. Kamera ikipimia ile nyeusi, mabaka huungua yakawa kama vipande vya karatasi. Mwanga upimwe kwenye mabaka, kisha sehemu nyeusi ziinuliwe kwa kiakisi cheupe kilichoshikwa chini ya kidevu, au baadaye wakati wa kuhariri. Ni kazi inayodai kupiga faili ghafi badala ya JPEG. Ngozi yenye mbalanga, sawa na ngozi iliyoungua, huathirika upesi kwa jua. Ile desturi ya kuwapeleka maharusi uwanjani saa saba mchana mara tu baada ya ibada haiwafai, na bi harusi mwenye ualbino haifai zaidi, kwani licha ya ngozi, macho yake huumizwa na mwanga mkali. Saa kumi na moja jioni jua limelala, na kila mtu hupendeza.

Mrembeshaji ahusishwe tangu mwanzo. Vipodozi vizito vya kufunikia alama, na mafuta ya kukinga jua, mara nyingi huwa na madini ya titani ambayo huurudisha mwanga wa flashi, na uso ukatoka kana kwamba umepakwa unga. Vijaribiwe siku ya picha za majaribio, kwa flashi ile ile. Ikumbukwe pia kwamba ngozi iliyopandikizwa aghalabu haitoi jasho. Katika joto la Mombasa au Kisumu, bi harusi aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hulemewa upesi kuliko wapambe wake, na anahitaji kivuli, maji na ratiba fupi.

LENZI, PEMBE NA TABASAMU

Lenzi pana, ile ya milimita 24 au 35, ikisogezwa karibu na uso hukuza kilicho jirani nayo, iwe ni pua, mdomo au shavu lililovimba. Lenzi ya milimita 85, mpigapicha akiwa hatua tatu nne nyuma, huuonyesha uso jinsi watu wauonavyo wakiketi naye mezani. Umbali huo una faida ya pili: bi harusi hahisi kwamba kamera imelikodolea kovu.

Mdomo ulioshonwa huacha mstari juu ya mdomo wa juu, na mara nyingi tundu moja la pua huwa pana kuliko jenzake. Anayepiga picha akiwa amechuchumaa huuzidisha utofauti huo, kwa hivyo kamera isishuke chini ya usawa wa macho. Mwenye jicho la bandia aombwe kukigeuza kichwa chote kuielekea kamera, wala si macho peke yake, kwa sababu jicho la bandia haliwezi kulifuata jenzake hadi pembeni. Aliyeungua shingoni huenda asiweze kuinua kidevu wala kugeuka vizuri. Mpigapicha asimshike kidevu kumnyoosha, kama wafanyavyo baadhi yao kwa mazoea. Asimame mbele yake aonyeshe mkao kwa mwili wake mwenyewe, na akiona umegoma, achague mwingine.

Aliyepooza upande mmoja wa uso ndiye anayeteswa zaidi na amri ya “cheka!”. Kadiri anavyocheka, ndivyo upande mmoja unavyopanda na mwingine kubaki. Wengi wamejizoeza kwa miaka kutocheka mbele ya kamera, na mpigapicha akilazimisha atapata uso uliokaza kwa hofu. Bwana harusi ndiye wa kutumiwa hapa. Amnong'oneze jambo, na mpigapicha apige picha nyingi mfululizo kutoka mbali. Miongoni mwake kutakuwa na kicheko chenyewe, kikiwa kimependa upande, na kutakuwa na ule utulivu unaofuata kicheko, macho yakiwa bado yana furaha. Bi harusi atachagua. Jicho la upande uliopooza huenda lisifumbe sawasawa, hivyo vumbi, upepo na zile karatasi za kumwagiwa maharusi hulitoa machozi. Kitambaa safi kiwe mkononi mwa mpambe.

Kwa bi harusi aliyechagua upande mmoja, kazi ianze kwa kufikiria mahali pa kusimama. Katika makanisa mengi bi harusi husimama kushoto kwa bwana harusi. Wakigeukiana kula kiapo, waumini huliona shavu lake la kulia, na aliye upande wa madhabahu huliona la kushoto. Mpigapicha mwenye kulijua hilo humwomba kasisi ruhusa mapema asimame panapofaa, na siku ya harusi hakuna anayetambua kwamba lolote lilipangwa.

Hata hivyo, upande mmoja una mipaka. Mikono yenye hina, pete, viatu na mgongo wa gauni ni picha nzuri katika albamu yoyote, lakini zikizidi picha za uso, zimekwisha kutangaza kwamba kuna kitu kinachokwepwa. Bi harusi asifichwe nyuma ya shada la maua katika picha ya ukoo.

Lipo pia kosa la upande wa pili, ambalo huwapata wapigapicha wenye kupenda sanaa. Huyu huliona kovu akaona tuzo. Hulisogelea, hulipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, mwanga ukitoka kando ili kila mkunjo uonekane, na kichwani mwake tayari ameiita picha hiyo jina lenye neno “ujasiri”. Tangu mwaka wa 2014, alipojitokeza katika shindano la wanamitindo la televisheni nchini Marekani, Winnie Harlow wa Kanada ameonyesha kwamba mabaka ya mbalanga yanaweza kuwa kwenye majalada ya magazeti. Lakini Harlow ni mwanamitindo na uso wake ndio kazi yake. Bi harusi alikuja kuolewa. Anayetaka picha ya namna hiyo ataiomba mwenyewe, na hapo hakuna ubaya wowote.

SHELA INAPOFUNULIWA

Hakuna dakika yenye uzito kama ile ambapo bwana harusi huinua shela na simu 200 zikainuka pamoja nayo. Kwa bi harusi mwenye kovu, ni dakika ambayo jamaa wa upande wa pili, ambao wengine hawajawahi kumwona, wote watautazama uso mmoja kwa wakati mmoja. Wapo wanaoisubiri kwa fahari. Wapo pia wasiolala usiku wa kuamkia siku hiyo.

Mpigapicha amweleze kuwa ana hiari. Anaweza kuingia kanisani bila shela. Anaweza kufunuliwa na mzazi wake mlangoni, kabla ya kuanza kutembea. Anaweza kukutana na bwana harusi faraghani saa moja kabla ya ibada, kamera moja tu ikiwepo, ili macho ya kwanza yawe ya mpenzi wake na shela ikifunuliwa baadaye isiwe na mzigo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mpango huu wa tatu ndio unaozaa picha bora, kwa sababu uso unaotazamwa na mtu mmoja tu hulegea.

Mshereheshaji naye aelezwe. Wengi wao huishi kwa mizaha kuhusu sura za maharusi, na neno moja lililomponyoka mtu kwenye kipaza sauti hukaa katika video milele.

Kuhusu simu za wageni, bara wana la kujifunza kutoka Pwani. Katika ukumbi wa kupamba, ambapo bi harusi wa Kiswahili huonyeshwa kwa wanawake wenzake, ni kawaida wageni kukatazwa kupiga picha, pengine simu zikaachwa mlangoni, na kamera kushikwa na mwanamke aliyekodiwa. Picha hubaki mikononi mwa bi harusi na familia yake. Desturi hiyo ilitokana na sitara ya kidini, si na makovu, lakini humpa kila bi harusi kile ambacho wengine hulazimika kukiomba. Ombi fupi la kasisi kabla ya ibada, kwamba wageni wasipige picha mpaka maharusi watoke nje, hutosha kwa wasiotaka kwenda umbali huo. Kuna sababu nyingine ya kulitoa: simu nyingi za siku hizi hulainisha nyuso zenyewe, na kovu la bi harusi hugeuka ukungu, au hutoweka katika picha hii na kuonekana katika ile.

KUHARIRI

Kufuta alama hakukuanza na kompyuta. Enzi za filamu, mafundi wa studio walikuwa wakipaka penseli iliyochongwa juu ya negativu ili kuondoa mikunjo na madoa. Tofauti ni kwamba kazi ile ilichukua muda na ilimlazimu fundi kufikiri. Sasa hufanywa na programu yenyewe, picha 400 kwa mkupuo, kabla mpigapicha hajaziangalia. Baadhi ya programu hizo hunyoosha hata mdomo uliopinda, kwani zimefunzwa kwamba pande mbili za uso lazima zilingane. Anayezitumia azizime sehemu hizo, kisha akague uso mmoja mmoja.

Kigezo chepesi ni muda. Chunusi iliyoota juzi, mkwaruzo wa wembe au jani lililoanguka nyweleni havitakuwepo mwezi ujao, na kuviondoa hakubadilishi mtu. Kovu, baka na mbalanga ni vya kudumu. Hivyo visiguswe ila mwenyewe aagize, na agizo hilo liandikwe kwenye mkataba kwa maneno mahususi: kuondoa mng'ao, kupunguza wekundu, kufuta kabisa, au kutogusa. Kati ya kufuta na kutogusa pana nafasi kubwa, na wengi wakionyeshwa picha moja iliyohaririwa kwa namna tatu huchagua ya katikati.

Anayetaka kufutiwa kabisa aonyeshwe pia ugumu wake. Kovu likifutwa katika picha moja, halina budi kufutwa katika zote, zikiwemo za ukoo ambamo uso ni mdogo kama punje ya mahindi. Video haihaririki kwa urahisi huo, kwa hivyo siku moja familia itaitazama video na albamu mezani, na kuona watu wawili. Nazo simu za wageni zimekwisha kusambaza picha zao. Akiyasikia hayo yote na bado akataka kufutiwa, afutiwe, na kwa ustadi. Uso ni wake. Haipendezi mpigapicha kumhubiria mteja kuhusu kujikubali.

Ulainishaji nao usiwe wa bi harusi peke yake. Katika picha ya watu 12, uso mmoja ukiwa laini kama sabuni na mingine 11 ikiwa na vinyweleo, kila mtu atajua kilichofanywa na kwa nini.

PICHA NI ZA NANI?

Sheria ya hakimiliki ya Kenya inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa pawe na mapatano tofauti. Wapigapicha wengi huweka kifungu katika mkataba kinachowaachia haki ya kuzitumia picha kujitangaza, kwa herufi ndogo, na maharusi hutia sahihi bila kukisoma. Kwa mteja wa namna hii kifungu hicho kitolewe na kujadiliwa peke yake. Kukubali kupigwa picha ni jambo moja. Kukubali picha iwekwe Instagram ni jambo la pili, na kukubali ipelekwe kwenye mashindano au iuzwe kwa tangazo ni la tatu. Kila moja lina jibu lake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaunga mkono tahadhari hiyo, na inamruhusu aliyetoa idhini kuiondoa baadaye. Si sheria ya kupamba rafu. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Data iliutoza mkahawa mmoja wa burudani jijini Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Hata aliyekubali aelezwe yanayoweza kufuata. Watu mitandaoni husema maneno ambayo wasingethubutu kuyasema harusini, na mpigapicha ndiye mwenye ukurasa, hivyo ndiye mwenye wajibu wa kufunga sehemu ya maoni au kuiondoa picha mara tu akiombwa. Maelezo chini ya picha yawe yale yale ambayo yangeandikwa kwa bi harusi mwingine yeyote: majina, mahali, tarehe. Hakuna “licha ya”, hakuna “shujaa wetu”, isipokuwa ameyaandika mwenyewe.

Limebaki jambo la kuhifadhi. Faili ghafi zisifutwe baada ya albamu kukabidhiwa, kama ilivyo mazoea ya wenye studio ndogo wanaotafuta nafasi kwenye kompyuta. Diski ya nje ya kuhifadhia harusi nzima haigharimu sana ikilinganishwa na bei ya albamu, na gharama hiyo yaweza kuingizwa kwenye mkataba. Wapo wanaorudi baada ya miaka mitatu minne, pengine mtoto akiwa ameuliza mbona mama wa kwenye picha hafanani na mama, wakitaka picha zile zile zikiwa na kovu.